Konzi la Bibi na Vidonge vya Mjomba

S.L.P. 1147,
Kihonda,
Morogoro.
28 Desemba 2024.

Mpendwa Mjomba Fransisko,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, chai iko mezani, na miwani iko usoni siyo mfukoni. Sisi huku hatujambo, Mungu ametutunza. Mama ni mzima, ila goti lake la kulia bado linamsumbua akibeba mizigo ya sokoni. Bibi naye ni mzima, na habari zake ndizo nyingi zaidi; nitazifikia.

Je, wewe unaendeleaje? Jeraha la kichwani limefunga? Kizunguzungu bado kinakuja unapoinuka kitandani? Mama Elia hajambo baada ya uchovu wote ule wa kukuuguza? Elia nimesikia amefaulu kwenda sekondari, mpe pongezi zangu na umwambie daftari za kidato cha kwanza nimemtunzia. Ukijibu usiandike "sijambo" peke yake, Mjomba. Neno hilo hata mtu aliye hoi huliandika.

Mimi nimemaliza kidato cha tatu. Biolojia nimepata A, Kemia B, na Hisabati C, ambayo naisomea likizo hii kila asubuhi kabla ya kufagia uwanja. Mwakani ni mtihani wa taifa.

Mvua za vuli zilichelewa, zilipokuja zikaja kwa pupa. Kinole kwa Bibi kote ni kijani sasa. Njia ya kupanda kutoka Mkuyuni inateleza hadi bodaboda wanawashusha abiria katikati ya mlima na kuwaambia watembee, kisha wanadai nauli kamili. Karafuu za Bibi zilikauka kabla ya mvua, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu unanitania, nami nikianza kucheka nasahau nilichotaka kusema. Tena nataka maneno haya yawe kwenye karatasi, ili uweze kumwonyesha mtu mwingine. Utaona ni nani.

Mjomba, tangu ulipoanguka pale mashineni tarehe kumi na tisa Novemba sijatulia. Mama Elia alituambia kwamba kichwa chako kiligonga sakafu shubiri moja tu kutoka kwenye mkanda wa mashine, na kwamba mkanda ulikuwa unazunguka. Siku tano baadaye ukampigia Mama simu. Nilikuwa karibu, nilisikia. Ulisema vidonge vya presha vya hospitali vimeshindwa, umeviacha vyote, na Bibi akutumie furushi jingine la jani lake, kubwa kuliko lile la Oktoba.

Mama alikubali, na Bibi alipopata habari akaanza kutwanga siku ileile. Ni mimi niliyemwomba asubiri mpaka shule zifungwe. Ukitaka kujua kwa nini furushi lako limechelewa mwezi mzima, lawama ni yangu. Naomba usinikasirikie kabla ya kufika mwisho wa barua.

Kuna jambo moja Mama Elia alimwambia Mama ambalo wewe hukulitaja. Siku ile ulipobebwa kupelekwa zahanati walikupima, na kipimo kilikuwa themanini na nne kwa hamsini. Mama hakulitilia maanani, alifikiri presha ni presha. Mimi niliiandika namba hiyo mkononi kwa kalamu, kesho yake nikamwonyesha Mwalimu Ernest, anayetufundisha Biolojia na kusimamia klabu yetu ya sayansi. Aliitazama akaniuliza, "Huyu anaumwa presha ya kupanda au ya kushuka?" Nikamwambia ya kupanda. Akasema, "Basi siku hiyo haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka mno."

Kwa hiyo, Mjomba, hukuanguka kwa sababu vidonge vilishindwa. Kuna kitu kilikuwa kimeshusha presha yako kupita kiasi. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya jani la Bibi, na hasa juu ya karatasi iliyokuja na furushi la Oktoba. Karatasi ile niliiandika mimi. Niliandika hivi: "Konzi moja kila asubuhi, chemsha kwa kikombe kimoja cha maji, kunywa kabla ya kula." Mwandiko ulikuwa mzuri, nikajisifu.

Nilipanda Kinole tarehe tisa mwezi huu. Asubuhi ya pili alikuja bibi mmoja jirani kuchukua dawa, nikamtazama Bibi anavyopima. Anachovya mkono kwenye mtungi, anafumba, anaukung'uta mara moja, kinachobaki ndicho konzi. Anamimina kwenye kikombe cha mgonjwa. Mgonjwa hagusi mtungi. Nikamuuliza, "Bibi, ukisema konzi, ni konzi la nani?"

Alinitazama kama nimemuuliza jina lake. "La kwangu. La nani tena?"

"Na yule aliye mbali?"

"Aliye mbali anakuja."

Mjomba, unamjua mama yako. Mkono wake ni mdogo kama wangu wa darasa la nne. Wako ni ule uliokata miwa miaka kumi na mbili. Hapo hapo nikaikumbuka karatasi yangu.

Bibi alinieleza jambo ambalo sikulijua, na ninalieleza hapa ili usije ukafikiri wazee wetu walikuwa wanakisia. Mama yake alipomrithisha dawa hii alimfundisha kufumba mkono kwa miezi mingi. Kila alichofumba kilimiminwa kwenye kibuyu kidogo chenye alama ya moto ndani. Kikizidi alama au kikipungua, anaanza upya. Hakuruhusiwa kumpa mtu yeyote dawa mpaka mkono wake ulipolingana na kibuyu siku thelathini mfululizo. Kibuyu chenyewe kilipasuka zamani, Mama akiwa bado mtoto mgongoni. Tangu hapo mkono wa Bibi ndio uliobaki kuwa kibuyu. Nilipomsimulia Mwalimu Ernest alisema hicho ni kipimo cha kweli kabisa, na kwamba wanafunzi wake wengi wa maabara hawana subira ya namna hiyo. Nilijisikia fahari.

Lakini kipimo hakikusafiri na furushi. Neno ndilo lililosafiri.

Nilimwomba Bibi anifumbie makonzi kumi, nikayafunga kila moja kwenye karatasi yake. Nikamwomba Yakobo, yule anayetuchumia karafuu, naye afumbe kumi, kwa kuwa mikono yake inafanana na yako. Alicheka sana. "Anastasia, unanipima mimi au unapima majani?" Jumamosi nilishuka mjini na Mama kupeleka karafuu dukani kwa Mama Hansa. Unamkumbuka, yule mwenye duka la viungo karibu na soko. Ana mzani mdogo wa umeme anaopimia hiliki na zafarani.

"Leo umeniletea majani ya mbuzi?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta mzani kwa upindo wa sari yake. "Bibi yako anapima dawa kwa mkono miaka yote? Mimi nikipima hiliki kwa mkono, wiki moja nimefunga duka." Lakini alipima yote ishirini mwenyewe, bila kunipa nafasi ya kugusa, akinitajia namba moja moja nami nikiandika.

Makonzi ya Bibi yalikuwa kati ya gramu nane na tisa. Yote kumi. Mama Hansa akasema, "Huyu mama aje nimwajiri." Makonzi ya Yakobo yalikuwa kati ya gramu kumi na nane na ishirini na nne.

Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unakunywa zaidi ya mara mbili ya kile Bibi alichokusudia. Na ulikuwa unameza vidonge vya hospitali hapo hapo, daktari hajui habari za jani, nasi hatujui habari za vidonge. Siwezi kukuhakikishia ni kipi kilichokuangusha, jani lililozidi au jani na kidonge vilipokutana. Sijasoma kiasi hicho. Ila najua kwamba karatasi yangu haikutaja mkono wa nani, na kwa hilo ninakuomba radhi, Mjomba. Nilitakiwa kuuliza kabla ya kuandika.

Sasa huenda unasema moyoni: kama jani linashusha kiasi hicho, basi ndiyo dawa yenyewe, nitumieni kwa kipimo sahihi niachane na vidonge. Nami niliwaza hivyo. Ningependa sana iwe hivyo. Mwalimu Ernest ametufundisha kwamba dawa ya malaria tunayomeza leo ilitoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia kwa karne nyingi kutibu homa, na kwamba kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Kwa hiyo sicheki mtungi wa Bibi hata siku moja. Lakini mimea hiyo watu waliiuliza maswali kwanza, wakahesabu waliopona na wasiopona. Nikaamua kuhesabu.

Tangu Juni nilikuwa na daftari la klabu, nimeandika majina ya watu ishirini na watatu ambao Bibi aliwapa jani la presha. Nilipomuuliza wangapi wamepona alisema, "Wote." Nikamuuliza anajuaje. Unajua desturi ya kwetu, mtu akipona analeta shukrani, kuku au mkungu wa ndizi au kanga. Walioleta walikuwa kumi na wanne. Wale tisa wengine Bibi alisema wamepona wakasahau adabu.

Tulizunguka kuwatafuta hao tisa, mimi na rafiki yangu Shadia, ambaye alikuja kukaa nasi wiki nzima na akapasua viatu viwili kwa mawe ya kwenu. Mmoja amehamia Ifakara, hatukumpata. Wawili walisema hawakuona tofauti wakaacha. Wanne walizidiwa wakaenda hospitali, sasa wanameza vidonge na wanaona haya kupita mbele ya nyumba ya Bibi. Wawili wamefariki, wote kwa kiharusi, kama Babu.

Wale kumi na wanne nao tuliwauliza. Saba walikuwa wanameza vidonge pia, kimyakimya. Watano tu ndio waliowahi kupimwa presha kabla na baada ya jani: watatu ilishuka, mmoja haikubadilika, mmoja ilipanda. Watu watano hawatoshi kusema lolote, na Mwalimu ameniandikia hivyo kwa wino mwekundu. Jani huenda linafanya kazi. Hatujui kwa nani, kwa kiasi gani, wala pamoja na nini. Mpaka tujue, siwezi kunyamaza wakati wewe unaliegemea peke yake.

Kumwambia Bibi mambo haya ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimsomea daftari jioni, akiwa anachambua maharage. Nilipofika kwenye wale wawili waliofariki aliacha kuchambua.

"Yule wa Tandai nilikwenda msibani kwake," alisema. "Nilipika siku tatu. Hakuna aliyeniambia."

"Hawakutaka kukuumiza, Bibi."

"Na Fransisko? Kwa hiyo ni mimi niliyemwangusha mwanangu?"

Nikamwambia kama ni kosa, limepita kwenye mikono mitatu, na wa kwanza ni wangu ulioandika. Alikwenda kulala bila kula, na Shadia akanitazama kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

Asubuhi Bibi alinikuta jikoni. Aliniambia nimsomee tena majina ya wale tisa, polepole. Alirudia kila jina. Kisha akachukua panga dogo akapanda juu msituni peke yake, akakataa tusimfuate.

Mjomba, wewe ndiye kaka, mkubwa wa ukoo wetu, unajua kuliko mimi kwamba dawa hii inakaa kwa wanawake wa upande wa mama, lakini neno la kuitoa nje ni la mjomba. Ndiyo sababu Bibi hatoi jani bila kulitwanga, ili hata anayelinywa asiujue mti. Mama yangu mwenyewe hajawahi kuliona likiwa zima. Siku ile Bibi alirudi na tawi zima, lina majani, lina maua madogo na tunda moja bichi. Akanipa mkononi. Akasema, "Likaushe vizuri kwenye gazeti. Liende kwa Fransisko. Yeye namwonyesha, iwe kosa isiwe kosa. Atakayemwonyesha yeye, hilo ni neno lake."

Kwa hiyo furushi ulilopokea pamoja na barua hii si la kunywa. Ndani kuna tawi hilo kati ya kurasa za gazeti, na gramu nane na nusu za jani lililotwangwa, zilizopimwa na Mama Hansa, kwa ajili ya kuonyesha tu. Naomba uyachukue hayo, na maboksi ya vidonge ulivyoviacha hata kama ni matupu, na barua hii, umpelekee daktari wa pale kliniki yako. Mweleze kila ulichokunywa. Usirudie vidonge vya zamani kwa kukisia, akupime kwanza, yeye ndiye atakayesema vipi na vingapi. Nimekaa na Dada Zuhura, muuguzi wa zahanati ya hapa Kihonda, akanisisitizia hilo mara mbili. Alisema pia presha ikiwa juu haikuumi wala haikuambii, unajiona mzima mpaka siku ile. Mwezi mmoja bila vidonge ni mrefu sana, Mjomba. Usingoje baada ya mwaka mpya.

Tena, ukikubali, toa neno lako kwa Bibi ili Mwalimu Ernest atupeleke Mazimbu kwa wataalamu wa chuo wanaochunguza mimea. Jina la ukoo liandikwe, na Bibi awepo wanapolipima jani. Mimi ningependa kusomea kazi hiyo siku moja. Lakini hili linaweza kungoja, la kliniki haliwezi.

Nilifikiri habari zimeishia hapo. Jumatatu nilipokuwa najiandaa kushuka, nikamwona Bibi amevaa kanga mpya na viatu vya kanisani. Akasema tunapitia zahanati. Nikamuuliza nani anaumwa. "Nitamwambiaje mtoto aende mahali ambapo mimi sijaenda?"

Miaka sabini na tatu, Mjomba, hajawahi kupimwa presha. Jani lake mwenyewe hajawahi kulinywa, anasema la wagonjwa. Dada Zuhura alipomfunga ule mkanda wa mkononi, Bibi akaanza kulalamika kwamba unambana kama mkwe mwenye njaa. Dada Zuhura akamwambia, "Tulia Bibi, ukiongea inapanda."

"Nikinyamaza je? Si ndiyo inapasuka?"

Watu wote kwenye benchi walicheka, isipokuwa mimi, maana nilikuwa naiona namba. Mia moja sabini na mbili kwa tisini na nane. Akampima tena baada ya nusu saa, na tena kesho yake. Haikupungua. Daktari wa zamu akamwandikia kidonge kimoja cha kila asubuhi, na Bibi akamuuliza maswali mengi kuliko mimi: kinatoka kwenye nini, anajuaje kinafaa, na kama wale ambao hakikuwafaa waliwahi kuhesabiwa. Daktari alijibu yote. Alipomaliza, Bibi alimwambia kuhusu jani. Mara ya kwanza katika maisha yake kumwambia mtu wa hospitali.

Sasa yuko hapa Kihonda kwetu kwa wiki mbili ili apimwe tena. Amekataa kuonja jani mpaka aelezwe kama vinapatana. Anaweka kidonge chake juu ya kisahani kila asubuhi, anakitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyemjua, kisha anakimeza kwa uji.

Wasalimie sana Mama Elia, Elia, na mzee Hafidhi jirani yako aliyekubeba siku ile. Mama anasema hatamsahau. Huku Mama anakusalimu, Shadia anakusalimu ingawa hamjaonana, Yakobo anakusalimu na kusema mkono wake sasa una sifa hadi mjini. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mwaka mpya wenye afya.

Bibi amekaa pembeni yangu ninapomaliza kuandika. Nimemuuliza anataka nikuandikie nini. Amefikiri sana, kisha akasema: mwambie mimi nimemeza changu leo, na kesho sitameza mpaka nisikie yeye amekwenda. Nimemwambia, Bibi, hiyo haifai, daktari amesema usiruke hata siku moja. Amesema basi aende haraka.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukungoja,

Anastasia